Robert Boyle na Hesabu ya Hewa

Mwanachuo anayejiandaa kufundisha sayansi katika shule ya msingi hulikuta jina la Robert Boyle katika mstari mmoja tu wa kitabu: kwamba gesi ikibanwa, halijoto isipobadilika, ujazo wake hupungua kadiri kanieneo inavyozidi. Mstari huo hukaririwa, kisha hufuata maswali ya hesabu, na wengi hudhani kwamba kazi imekwisha wapatapo jibu linalolingana na lile lililochapwa nyuma ya kitabu. Makala hii inakusudia kusimulia maisha ya mtu huyo, na hasa kazi aliyoifanya katika miaka ya 1661 na 1662. Ndani ya kazi hiyo mna jambo ambalo vitabu vyetu hulipita upesi. Anayekosea hesabu za gesi aghalabu anajua vema kuzidisha na kugawanya. Asilolijua ni mahali pa kuanzia kuhesabu.

Boyle alizaliwa tarehe 25 Januari 1627 katika ngome ya Lismore, kusini mwa Ireland. Alikuwa mtoto wa kumi na nne wa Richard Boyle, Mwingereza aliyefika Ireland akiwa kijana asiye na mali, na ambaye baadaye alipata cheo cha ukabaila na kuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa zama zake. Utajiri huo ulitokana na ardhi, tena ardhi katika nchi ambayo wenyeji wake walikuwa wakinyang'anywa. Yafaa tulikumbuke hilo tusomapo habari za neli za kioo, zebaki na mishahara ya wasaidizi, maana kodi ya mashamba hayo ndiyo iliyovilipia. Boyle hakupata kufanya kazi ya ujira hata siku moja maishani mwake.

Mama yake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka mitatu. Alilelewa na yaya kijijini, kwa kuwa baba yake hakupenda watoto wadekezwe. Akiwa mdogo alipata kigugumizi, na mwenyewe aliamini kwamba alikipata kwa kuwaigiza watoto wenzake waliokuwa nacho. Kigugumizi hicho hakikumwacha.

Mwaka 1635, akiwa na umri wa miaka minane, alipelekwa katika shule ya Eton huko Uingereza. Hapo alikutana na mwalimu mkuu aitwaye John Harrison. Katika habari za ujana wake alizoziandika baadaye, Boyle anamsifu mwalimu huyu kwa jambo ambalo mwanachuo wa ualimu hana budi kulitia moyoni. Harrison alimwona mtoto huyu ana udadisi, akawa anamfundisha kando, anamjibu maswali yake, anampa matunda na vitu vya kuchezea bila kuombwa, na mara nyingine kumpa ruhusa ya kupumzika hata kabla mtoto hajaonyesha kuchoka. Matokeo yake ni kwamba mtoto alipenda kusoma kupita kiasi, hata ikabidi alazimishwe kwenda kucheza. Baadaye alikuja mwalimu mwingine, mkali, na hamu ile ikafifia. Mwaka 1638 baba yake akamwondoa shuleni.

Katika miaka hiyo hiyo Boyle aliugua homa, na ili apitishe siku za ugonjwa akapewa vitabu vya hadithi za mashujaa. Hadithi hizo zilimfanya awe na mawazo ya kurukaruka yasiyotulia mahali pamoja. Dawa aliyoitumia ni hesabu. Alijizoeza kutafuta vipeo vya pili na vya tatu vya namba na kufanya aljebra, kwa sababu kazi hizo humtaka mtu awe hapo hapo kwa fikra zake zote. Akipotea kidogo hana budi kuanza upya. Ni mara chache tunawaambia wanafunzi wetu kwamba hesabu yaweza kuwa pumziko la akili.

Mwaka 1639 alipelekwa Geneva pamoja na kaka yake, chini ya uangalizi wa mwalimu wa nyumbani, Isaac Marcombes. Majira ya baridi ya 1641 hadi 1642 yaliwakuta Florence, Italia, na huko Boyle akasoma maandishi ya Galileo. Mzee huyo alifariki nje kidogo ya mji huo mwezi Januari 1642. Wakati huo vita vilikuwa vimezuka Ireland, fedha za kutoka nyumbani zikakatika, na mwaka 1643 baba yake akafariki. Boyle alirudi Uingereza mwaka 1644, akaenda kukaa katika shamba alilorithi la Stalbridge. Huko alitamani kufanya kemia. Mwaka 1647 tanuri aliloliagiza lilifika likiwa vipande vipande kwa kuvunjika njiani, na ikambidi asubiri tena. Mwalimu yeyote aliyewahi kuagiza vifaa vya sayansi kutoka mbali atamwelewa.

Katikati ya miaka ya 1650 alihamia Oxford, ambako palikuwa na kundi la watu waliopenda majaribio kuliko mabishano matupu. Wakati huo swali kubwa katika Ulaya lilikuwa juu ya hewa. Mwitalia Evangelista Torricelli alikwisha onyesha kwamba neli ndefu ya kioo iliyojazwa zebaki na kupinduliwa ndani ya bakuli la zebaki hubaki na nguzo ya zebaki yenye urefu wa inchi 30 hivi. Je, ni nini kinachoishikilia zebaki hiyo isianguke yote? Torricelli alisema ni uzito wa hewa ya nje unaoisukuma zebaki ya bakulini. Wengine hawakukubali. Kisha mwaka 1657 kilichapwa kitabu kilichoeleza jinsi Otto von Guericke, meya wa mji wa Magdeburg katika Ujerumani, alivyotengeneza pampu ya kutoa hewa chomboni. Boyle alipopata habari hizo alitaka pampu iliyo bora zaidi. Aliyemtengenezea ni msaidizi wake Robert Hooke, kijana wa miaka 24, fundi hodari na mtu mwenye akili kali, ambaye baadaye alikuwa mwanasayansi mashuhuri kwa haki yake mwenyewe. Pampu ilikamilika mwaka 1659. Juu yake palikuwa na chombo kikubwa cha kioo ambamo kitu chochote kiliweza kuwekwa na kutazamwa hewa inapotolewa.

Majaribio 43 yaliyofanywa kwa pampu hiyo yaliandikwa katika kitabu kilichotoka mwaka 1660. Mshumaa ulizimika. Sauti ya saa ilififia. Ndege na panya walikufa, jambo ambalo leo hatungelifanya mbele ya watoto. Nguzo ya zebaki iliyowekwa ndani ya chombo ilishuka kila hewa ilipopunguzwa, karibu kufikia usawa wa zebaki ya bakulini. Lakini jaribio linalotufaa sisi zaidi ni lile la kibofu cha mwana-kondoo. Kibofu kikavu kilichotiwa hewa kidogo tu, kikafungwa mdomo na kuwekwa ndani ya chombo, kilivimba chenyewe hewa ya nje ilipotolewa, na hewa iliporudishwa kikanywea. Hakuna aliyekipuliza. Boyle alieleza kwamba hewa ina tabia ya kujitanua kama sufi au kamani iliyobanwa, na kwamba kilichoizuia kutanuka ni hewa nyingine iliyoizunguka.

Shika wazo hilo, mwanachuo, maana ndilo mzizi wa mambo yote yafuatayo. Hewa iliyo ndani ya bilauri tupu mezani pako inasukuma sasa hivi pande zote kwa nguvu. Hatuioni nguvu hiyo kwa sababu nje nako kuna hewa isukumayo kwa nguvu iyo hiyo. Utulivu wa bilauri ni utulivu wa kamba inayovutwa na timu mbili zenye nguvu sawa.

Mwaka 1661 alijitokeza mpinzani, Francis Linus, padre Mjesuiti Mwingereza aliyefundisha hisabati huko Liège. Linus alikubali kwamba hewa hujitanua, ila alisema nguvu yake ni ndogo mno kuweza kushikilia inchi 29 za zebaki. Kwa maoni yake, palikuwa na uzi usioonekana ndani ya neli unaoivuta zebaki kutoka juu. Ushahidi wake haukuwa wa kipumbavu. Chukua, alisema, neli iliyo wazi pande zote mbili, ijaze zebaki, ziba tundu la juu kwa kidole na uitie ncha ya chini katika bakuli: utahisi kidole chako kinavutwa ndani. Kila aliyejaribu alihisi hivyo. Tujiulize ni wangapi kati yetu, tukiulizwa swali hilo na mtoto wa Darasa la Sita, tungeweza kulijibu bila kumnyamazisha. (Kidole hakivutwi, kinasukumwa na hewa ya juu, ambayo upande wa chini haina mwenzake wa kuizuia.)

Boyle hakuridhika kujibu kwa maneno. Kama mpinzani anasema nguvu ya hewa ni ndogo, basi na ipimwe. Akachukua neli ndefu ya kioo iliyopindwa chini mfano wa herufi J. Mkono mfupi ulizibwa juu, mkono mrefu ukaachwa wazi. Vipande vya karatasi vilivyochorwa inchi na sehemu zake vikagandishwa kando ya mikono yote miwili. Zebaki kidogo ikamiminwa, na neli ikainamishwa mpaka zebaki ikasimama sawa katika mikono yote. Hewa iliyofungiwa katika mkono mfupi ilikuwa na urefu wa inchi 12, ambazo Boyle alizihesabu kwa robo inchi, yaani vipimo 48. Kisha zebaki ikaendelea kumiminwa kidogo kidogo kwa mkono mrefu, na kila mara ikaandikwa hewa imebanwa kiasi gani na zebaki ya mkono mrefu imepanda kiasi gani juu ya ile ya mkono mfupi.

Haikuwa kazi nyepesi. Neli ya kwanza ilivunjika kabla kazi haijaisha. Nyingine ilikuwa ndefu mno hata haikuweza kusimamishwa chumbani, ikabidi jaribio lifanyiwe penye ngazi, mmoja akimimina zebaki juu na mwingine akisoma vipimo chini, na sanduku la mbao likiwa limewekwa chini ya neli ili zebaki isipotee ikiwa kioo kitapasuka tena.

Sasa tuzitazame namba zake. Hewa ilipobanwa kutoka vipimo 48 hadi 24, yaani nusu, zebaki iliyoongezwa ilifika inchi 29 na 11/16. Ilipobanwa hadi vipimo 12, yaani robo, zebaki ilifika inchi 88 na 7/16. Mwanafunzi akipewa namba hizi tatu peke yake (zebaki sifuri kwa hewa 48, kama inchi 30 kwa hewa 24, na kama inchi 88 kwa hewa 12) hataona kanuni yoyote. Azidishe kila jozi: ya kwanza itampa sifuri, ya pili kama 712, ya tatu kama 1,061. Namba hazina udugu.

Boyle aliongeza safu moja katika jedwali lake. Siku ile hewa ya nje ilikuwa ikishikilia inchi 29 na 1/8 za zebaki katika neli ya Torricelli. Hewa hiyo ilikuwapo pale tangu mwanzo, ikisukuma zebaki ya mkono ulio wazi hata kabla tone la kwanza halijaongezwa. Kwa hiyo ilipoonekana kwamba hewa ya ndani imebebeshwa sifuri, kwa kweli ilikuwa imebeba inchi 29 na 1/8. Aliongeza kiasi hicho kwa kila kipimo, na namba zikazungumza: hewa 48 chini ya inchi 29 na 1/8, hewa 24 chini ya inchi 58 na 13/16, hewa 12 chini ya inchi 117 na 9/16. Zidisha tena. Utapata 1,398, kisha kama 1,412, kisha kama 1,411. Tofauti kati ya kubwa na ndogo ni moja tu katika mia. Ukiipunguza hewa nusu, kanieneo huwa maradufu. Ukiipunguza hadi robo, kanieneo huwa mara nne. Ndiyo kanuni ya Boyle, na ilichapwa mwaka 1662 katika toleo la pili la kitabu chake, kama jibu kwa Linus.

Katika jedwali hilo, kando ya kanieneo iliyopimwa, Boyle aliweka safu nyingine kuonyesha kanieneo iliyopaswa kupatikana kama kanuni ni ya kweli. Msomaji aliweza kulinganisha kwa macho yake. Penye hewa 24 kanuni inadai inchi 58 na 1/4, naye alipima 58 na 13/16. Penye hewa 12 inadai 116 na 1/2, naye alipima 117 na 9/16, yaani alikosa shabaha kwa zaidi ya inchi moja. Hakuzifuta tofauti hizo wala hakuzirekebisha. Alizichapa, akasema zaweza kutokana na kutopima kwa usahihi wa kutosha. Wala hakudai kwamba wazo la uwiano huo ni lake peke yake. Alimtaja Richard Towneley kuwa ndiye aliyelidokeza, na akaeleza kwamba kuna wengine waliokuwa wamefanya majaribio ya namna hiyo. Towneley na rafiki yake daktari Henry Power walikuwa wamepima hewa iliyotanuliwa, na Hooke pia alikuwa na vipimo vyake. Mfaransa Edme Mariotte alitoa kanuni hiyo hiyo katika miaka ya 1670, na hadi leo Ufaransa huihusisha na jina lake.

Hapo tutue kidogo tuzungumzie darasa. Zebaki ni sumu, haifai kuchezewa na watoto, wala shule zetu haziihitaji kwa somo hili. Bomba la sindano la mililita 20, lisilo na sindano, latosha. Vuta hadi 20, ziba tundu kwa kidole, kisha mwombe mtoto alibane. Kabla hajabana, waulize wenzake: tukitaka hewa hii ifike 10, atahitaji kusukuma kwa nguvu kiasi gani? Na kutoka 10 hadi 5, je, ni nguvu ile ile au zaidi? Waandike makisio yao ubaoni. Kisha abane. Atafika 10 kwa taabu kidogo. 5 itamshinda, au atafika akitetemeka. Safu ya makisio kando ya safu ya vipimo ndilo jedwali la Boyle, na mtoto wa shule ya msingi aweza kulitengeneza bila kujua kanuni yoyote.

Baadaye, mwanafunzi huyo akiingia sekondari, atapewa swali la namna hii. Tairi la ujazo wa lita 12 limejazwa hewa. Geji ya fundi inaonyesha kilopaskali 200, na hewa ya nje ina kilopaskali 100. Hewa yote iliyomo, ikiachiwa nje halijoto ikiwa ile ile, itachukua ujazo gani? Wengi watazidisha 200 kwa 12, wagawanye kwa 100, wapate lita 24. Wamesahau safu ya Boyle. Geji husoma sifuri tairi lililopasuka linapokuwa limejaa hewa ya kawaida. Husoma ziada tu. Kanieneo ya kweli ni 300, na jibu ni lita 36. Mwalimu asiishie kuweka alama ya kosa. Amwonyeshe mwanafunzi kwamba 24 nayo ina maana yake: ni hewa itakayotoka. Lita 12 zilizobaki haziendi popote. Zinabaki ndani ya tairi zikiwa na kanieneo sawa na ya nje. Aliyeelewa kwa nini 24 na 12 hufanya 36 ameelewa hesabu za gesi kuliko aliyekariri milinganyo kumi.

Kosa la namna hiyo hiyo hurudi katika halijoto. Boyle mwenyewe aliona kwamba joto lina athari: aliifunika hewa iliyobanwa kwa kitambaa chenye maji, kisha akaikaribishia mwali wa mshumaa, akaona inasinyaa na kutanuka. Hakuwa na kipimajoto cha kumwezesha kwenda mbali zaidi. Jacques Charles alilishughulikia jambo hilo mnamo 1787, na Joseph Louis Gay-Lussac akachapa vipimo vyake mwaka 1802. Ikaonekana kwamba gesi, kanieneo isipobadilika, hupungua kwa kiasi kile kile kwa kila nyuzi inayoshuka, kana kwamba ingekwisha kabisa kwenye nyuzi 273 chini ya sifuri ya Selsiasi. Mwaka 1848 William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alipendekeza kipimo cha halijoto kinachoanzia huko chini kabisa. Sifuri ya Selsiasi ni mahali maji yanapoganda tu. Gesi haina habari nayo. Kwa hiyo gesi iliyopashwa kutoka nyuzi 27 hadi nyuzi 54 haijapata halijoto maradufu. Imetoka 300 hadi 327, na ujazo wake utaongezeka kwa sehemu 9 katika mia. Kama vile geji ya fundi, kipimajoto cha ukutani nacho husoma kuanzia mahali palipochaguliwa na watu kwa ajili ya matumizi yao.

Mwaka 1811 Amedeo Avogadro alitoa wazo kwamba ujazo ulio sawa wa gesi mbalimbali, katika kanieneo na halijoto zilizo sawa, una idadi sawa ya molekuli. Mwaka 1834 Mfaransa Émile Clapeyron aliziunganisha kanuni za Boyle na Gay-Lussac kuwa mlinganyo mmoja. Leo tunauandika hivi: kanieneo mara ujazo ni sawa na idadi ya moli mara 8.31 mara halijoto ya Kelvin, kanieneo ikiwa kwa paskali na ujazo kwa mita za ujazo. Gesi halisi huasi kidogo zikibanwa sana au zikipoa sana, na Johannes van der Waals alieleza sababu mwaka 1873. Lakini hewa ya darasani ni mtiifu.

Na tuipime hewa hiyo ya darasani. Chumba chenye urefu wa mita 8, upana wa mita 6 na kimo cha mita 3 kina ujazo wa mita 144. Kanieneo ya pwani ni paskali 100,000 hivi, na halijoto tuseme ni nyuzi 27, yaani 300 kwa Kelvin. Kabla ya kuhesabu, waulize wanafunzi: hewa hii, ikiwekwa katika mizani, ina uzito gani? Watasema gramu chache. Wengine watasema haina uzito. Zidisha 100,000 kwa 144, gawanya kwa 8.31 mara 300, utapata moli kama 5,776. Kila moli ya hewa ni gramu 29. Jumla ni kama kilo 167, zaidi ya uzito wa watu wazima wawili. Chumba hicho hicho kikiwa Mbeya, mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ni kama tano kwa sita ya ile ya Dar es Salaam, na halijoto ikiwa sawa, hewa yake ingekuwa kama kilo 140. Mtoto aliyepanda lori kutoka pwani akaona pakiti yake ya biskuti imevimba mlimani amekwisha kuona jaribio la kibofu cha mwana-kondoo. Anachohitaji ni mwalimu wa kumwambia hivyo.

Tumrudie Boyle. Mwaka 1661 alichapa kitabu chake kingine mashuhuri, *The Sceptical Chymist*, kilichoshambulia imani kwamba vitu vyote vimeundwa kwa asili tatu au nne tu. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Royal Society mwaka 1660. Mwaka 1668 alihamia London, akakaa nyumbani kwa dada yake Katherine, mwanamke mwenye elimu pana aliyekuwa msiri wake tangu utotoni. Miaka miwili baadaye alipatwa na kiharusi. Alipona kwa sehemu, akaendelea na majaribio, lakini macho yake yalikuwa mabovu na sehemu kubwa ya maandishi yake ya uzeeni iliandikwa na makarani kwa kumsikiliza. Mwaka 1680 alichaguliwa kuwa rais wa Royal Society, akakataa kwa sababu dhamiri yake haikumruhusu kula kiapo kilichotakiwa.

Si kila alichokiamini kimesimama hadi leo. Hadi uzeeni alitumaini kwamba madini duni yanaweza kugeuzwa kuwa dhahabu, na mwaka 1689 alikuwa miongoni mwa waliosaidia kufutwa kwa sheria ya zamani ya Kiingereza iliyokataza jambo hilo. Mtu yule yule aliyechapa kosa la inchi moja katika jedwali lake alitumia miaka mingi kutafuta kitu ambacho tanuri zake hazikuweza kumpa.

Wageni walimwendea kwa wingi mno katika miaka ya mwisho, hata akalazimika kutangaza siku na saa za kuwapokea. Katherine alifariki tarehe 23 Desemba 1691. Boyle, ambaye hakuwa ameoa, alimfuata juma moja baadaye, tarehe 31 Desemba. Alizikwa katika kanisa la St Martin-in-the-Fields, London, karibu na dada yake. Katika miaka ya 1720 kanisa hilo lilibomolewa na kujengwa upya, na mahali lilipokuwa kaburi lake hapajulikani tena.